Kabla ya Picha, Swali

Daraja la reli la Kanchanaburi, magharibi mwa Thailand, hupigwa picha tangu asubuhi hadi jua kuzama. Ni daraja la chuma jeusi juu ya nguzo nene za zege, na matao yake yanapendeza kwenye kioo cha simu. Treni bado zinapita hapo taratibu kuelekea Nam Tok, na watu wanaotembea juu ya reli husogea kwenye vijukwaa vya pembeni kuzipisha. Chini yake kuna wauza fulana na wauza vinywaji. Watoto husimamishwa katikati ya mataruma, wakaambiwa watabasamu, wakapigwa picha, wakanunuliwa aiskrimu. Familia huondoka na picha nzuri.

Picha yenyewe haina ubaya. Ubaya, kama upo, umo katika maneno ambayo hayakusemwa kabla yake. Mzazi anayemsimamisha mwanawe juu ya kazi ya watu walioshurutishwa ana deni la kumwambia ni nani aliyeijenga, kwa nini, na nini kilimpata. Deni hilo hawezi kulisukuma kwa mwalimu wa historia wala kwa mtembeza wageni. Ni sehemu ya malezi, kwa sababu linahusu namna mtoto atakavyowatazama maisha yake yote watu wanaomfaa kwa jasho lao bila yeye kuwaona.

Ili deni lilipwe, kwanza mzazi mwenyewe ajue habari. Mwaka 1942 Japani ilikuwa imekwisha kuziteka Malaya, Singapore na sehemu kubwa ya Burma. Jeshi lake lililokuwa Burma lilihitaji chakula, silaha na askari wapya, na njia ya bahari ya kuzunguka rasi ya Malaya hadi Rangoon ilikuwa inawindwa na nyambizi za adui. Wakuu wa jeshi wakaamua kujenga reli ya kilomita 415 kutoka Ban Pong nchini Thailand hadi Thanbyuzayat nchini Burma, kupitia milima na misitu ya mpakani. Kazi ya namna hiyo ilistahili miaka kadhaa. Ilifanywa kwa muda usiozidi sana mwaka mmoja: Oktoba 1943 pande mbili za reli zilikutana.

Kasi hiyo ililipiwa na miili ya watu. Mitambo ilikuwa michache, kwa hiyo udongo wa tuta ulibebwa kwa vikapu, na miamba ilitobolewa kwa nyundo na tindo kabla ya kutiwa baruti. Katika mkato wa Konyu, ambao mateka wa vita waliofanya kazi humo waliupa jina la Hellfire Pass kwa sababu ya mienge iliyowaka humo usiku, watu walipasua mwamba mchana na usiku. Mvua za mwaka 1943 zilipoanza, kipindupindu kikaingia kambini juu ya malaria, kuhara damu, donda ndugu na njaa. Wagonjwa waliotakiwa kulala walitolewa vitandani kwenda kujaza hesabu ya watu wa siku hiyo.

Daraja linalopigwa picha leo lilijengwa Tamarkan, nje kidogo ya mji. Kwanza lilijengwa la mbao, likakamilika mwanzoni mwa 1943; kando yake likafuata la chuma, kwa matao yaliyosafirishwa kutoka Java. Ndege za Washirika zililipiga mabomu kabla ya vita kwisha, na ndiyo maana miongoni mwa matao ya mviringo pana vipande viwili vyenye kingo zilizonyooka, vilivyowekwa baada ya vita. Mtoto mwenye macho makali ataiona tofauti hiyo na atauliza. Hapo ndipo pa kuanzia, kwa kuwa swali ni lake mwenyewe, na linalojibu swali la mtoto hukaa kuliko linalohubiriwa.

Baada ya daraja, mzazi ampeleke mtoto makaburini. Makaburi ya vita ya Kanchanaburi yako mjini, si mbali na stesheni, nayo yana karibu watu 7,000, wengi wao Waingereza, Waaustralia na Waholanzi. Karibu kila mmoja ana kibao chake: jina, kikosi, tarehe, mara nyingi umri, na pengine maneno machache ya mzazi au mke. Mtoto anayejua kusoma asome umri kwa sauti. Miaka 22. Miaka 25. Atafanya hesabu mwenyewe na kukuta kwamba wengi walikuwa na umri wa kaka zake na wajomba zake. Na mtoto wa kwetu hahitaji kuelekezwa namna ya kutembea kati ya makaburi, maana mafunzo hayo anayo tangu nyumbani: haruki kaburi, hakai juu yake, hapigi kelele.

Kisha mzazi amwulize mtoto swali ambalo makaburi hayo hayalijibu: wengine wako wapi?

Mateka wa vita waliopelekwa kwenye reli walizidi 60,000, na karibu 13,000 kati yao walikufa. Lakini mateka hawakuwa wengi kuliko wote. Waliowazidi kwa mbali ni vibarua wa Asia, ambao Wajapani waliwaita romusha: Watamil kutoka mashamba ya mpira ya Malaya, Waburma, Wajava na wengineo. Makadirio ya kawaida yanawaweka juu ya 180,000, na waliokufa kati ya 80,000 na 100,000. Upana wa makadirio hayo ni habari kamili peke yake. Kwa mateka tunajua kwa majina. Kwa vibarua, watu 20,000 wanaweza kuwemo au kutokuwemo katika hesabu, na hesabu ikaendelea kuitwa hesabu.

Namna walivyopatikana ni jambo la kumweleza mtoto aliyekwisha kubalehe, kwa sababu hila iliyotumika bado inatumika duniani. Vita ilipokata biashara ya mpira, vibarua wa mashamba ya Malaya walibaki bila kazi na bila mchele. Wakaja watu na ahadi ya ujira na mkataba wa muda mfupi. Ahadi zilipokosa kuvuta, ikaja nguvu, na watu wakakusanywa na kupakiwa kwenye mabehewa. Wengine walifuatana na wake zao na watoto. Nchini Burma, serikali iliyokuwa chini ya kivuli cha Japani iliandikisha watu katika kile ilichokiita Jeshi la Jasho. Jina tamu, kazi ya shokoa.

Huko relini tofauti kati ya makundi hayo mawili, mateka na vibarua, ilikuwa ya kufa na kupona. Mateka, hata katika dhiki yao, walikuwa na mpangilio wa jeshi: maafisa waliojadiliana na Wajapani, madaktari kama Edward Dunlop wa Australia, na nidhamu ya kuchimba vyoo, kuchemsha maji na kuwatenga wagonjwa. Kwenye daraja la Tamarkan, Luteni Kanali Philip Toosey aliwasimamia watu wake kwa busara iliyookoa maisha. Vibarua hawakuwa na daktari wao, hawakuwa na msemaji, wala hawakuwa na lugha moja ya kuelewana kambi nzima. Kipindupindu kilipoingia kwao hakikukuta ukuta wowote. Na alipokufa mtu, hapakuwa na karani wa kikosi aliyeandika jina lake, wala barua iliyotumwa kwa mama yake.

Jambo hilo ndilo zito kuliko yote katika daraja lile, na ndilo linalomhusu mlezi. Tunadhani wafu husahauliwa kwa sababu wakati umepita. Kanchanaburi inaonyesha vingine. Watu waliokufa mwaka uleule, kwa ugonjwa uleule, kando ya reli ileile, wamegawanyika leo kati ya wanaokumbukwa kwa jina na wasiokuwa na jina, na kilichowagawa ni daftari. Kuna aliyeandikwa na kuna asiyeandikwa. Mtoto akilielewa hilo ameelewa kwamba kumbukumbu ni kazi ya mikono ya mtu, na kwamba kazi isipopewa mtu haifanyiki.

Hata picha zilikuwa na historia yake hapo. Mateka aliyekutwa na kamera alihatarisha uhai wake. George Aspinall, askari kijana wa Australia, alipiga picha kwa siri akiwa Singapore na baadaye kwenye reli, kwa kamera ndogo ya kukunja. Msanii Ronald Searle alichora wenzake na kuificha michoro yake chini ya magodoro ya wagonjwa wa kipindupindu, mahali ambapo walinzi waliogopa kusogea. Jack Chalker naye alichora vidonda na mifupa ya watu wakati kukamatwa kungemletea kipigo. Walifanya hivyo ili siku moja mtu asije akasema hayakutokea.

Tukiweka picha hizo kando ya picha tunazopiga leo, hatuna haja ya kumwonea haya mtoto kwa kutabasamu. Tunachopaswa kumwonyesha ni kwamba picha ina kazi. Wao walipiga picha ili watu waonekane. Sisi mara nyingi tunapiga ili tuonekane sisi. Mtoto wa miaka kumi analielewa hilo bila maelezo marefu. Unaweza kumpa simu na kumwambia: piga picha tatu za kuwaonyesha wenzako darasani kwamba hapa palikuwa na watu waliofanya kazi. Ataangalia nguzo, ataangalia alama za mabomu, ataangalia mnara ambao jeshi la Japani lenyewe liliusimamisha mwaka 1944 kwa ajili ya waliokufa kwenye reli. Macho yake yatakuwa yameshughulishwa na jambo jingine zaidi ya uso wake.

Mlezi ajihadhari pia na filamu. Wengi wanalijua daraja hili kwa filamu ya David Lean ya mwaka 1957, iliyotokana na riwaya ya Pierre Boulle. Ilipigwa Sri Lanka, ambayo wakati huo ilikuwa Ceylon, na ndani yake daraja linalipuliwa. Afisa wa filamu hiyo anashikwa na kiburi cha kuwajengea Wajapani daraja zuri, jambo lililowaudhi sana waliomfahamu Toosey. Nguvu ya hadithi ilikuwa kubwa hata mto ukabadilishwa jina: sehemu inayopita chini ya daraja ilikuwa Mae Klong, na katika miaka ya 1960 ikaitwa Khwae Yai, kwa kufuata jina la mto wa kwenye filamu, ili watalii wapate walichokuja kukitafuta. Katika hadithi hiyo yote Mtamil wa shamba la mpira hana nafasi. Mtoto aliyelelewa na filamu peke yake atatoka Kanchanaburi akimlilia afisa ambaye hakuwahi kuishi, na hatajua kwamba kulikuwa na vibarua.

Sisi wenyewe tuna mfano wa jinsi hiyo. Reli kutoka Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya 1896 na 1901. Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kwa mkataba kuijenga, na karibu 2,500 walikufa. Waulize watoto wa Kenya na Tanzania wanajua nini kuhusu ujenzi huo; wengi watakutajia simba wala watu wa Tsavo, waliowavamia wajenzi wa daraja mwaka 1898. Simba hao wamehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho huko Chicago, wametengenezwa vizuri, watu wanakwenda kuwatazama. Vibarua walioliwa hawana mahali panapolingana na hapo. Mnyama amepata jina, binadamu amepata tarakimu, na sisi wazazi tumeisimulia hivyohivyo kwa sababu inachangamsha.

Kuna wanaosema mambo haya ni mazito mno kwa watoto, kwamba utoto ni mfupi na uachwe uwe wa furaha. Hoja hiyo ina ukweli na haifai kupuuzwa. Mtoto wa miaka mitano hana haja ya kuelezwa donda ndugu. Kumwogofya mtoto si kumlea, na wapo wazazi wanaosimulia mateso kwa ladha, kana kwamba ukali wa habari ndio kipimo cha uzito wake. Lakini kati ya kumtisha na kumnyamazia kuna nafasi pana. Mdogo anaweza kuambiwa: watu walilazimishwa kujenga hapa, hawakulipwa haki yao, wengi waliugua wakafa, na sisi tunawakumbuka. Sentensi hiyo haimvunji mtoto yeyote. Mwenye miaka kumi anaweza kupewa sababu na idadi. Kijana wa sekondari apewe yote, pamoja na hila ya mkataba wa uongo, kwa sababu miaka michache ijayo yeye mwenyewe atapokea simu ya wakala anayemwahidi kazi nzuri ng'ambo.

Mtoto atauliza pia: kwa nini hawakukataa? Jibu la haki ni kwamba wengine walikataa, wengine walitoroka msituni, na wengi hawakuwa na pa kukimbilia. Asiachwe aamini kwamba aliyelazimishwa alikuwa mwoga. Mtoto anayeamini hivyo hukua akimdharau kila aliyeonewa, na dharau hiyo ndiyo mwanzo wa kuonea.

Jambo jingine ni chuki. Kusimulia uovu bila kuzaa chuki kunahitaji uangalifu, na Kanchanaburi inatupa kisa cha kutumia. Eric Lomax, afisa wa Uingereza, aliteswa vikali mwaka 1943 baada ya kukutwa na redio na ramani. Mkalimani katika mahojiano hayo alikuwa Mjapani kijana, Nagase Takashi. Lomax aliishi na kinyongo kwa miongo mingi. Mwenye kovu usidhani kapoa. Nagase naye, baada ya vita, alisaidia kutafuta makaburi ya mateka, kisha akatumia maisha yake kuomba radhi, na hapo Kanchanaburi akajenga hekalu la amani. Mwaka 1993 walikutana karibu na daraja. Lomax alimsamehe, na walibaki marafiki.

Kisa hicho kisitumiwe kufunika mambo. Msamaha wa Lomax ulikuwa wake mwenyewe; hakuwasamehe watu kwa niaba ya Watamil wasiojulikana, wala hakuna anayeweza. Lakini mtoto atajifunza mawili: kwamba mkosaji anaweza kurudi mahali pa kosa lake na kulitaja, na kwamba taifa si kabila moja la watu wabaya. Atajifunza na la tatu ikiwa mzazi ni mkweli: Watamil wale walikuwa wamepelekwa Malaya na ukoloni wa Kiingereza, kulima mpira wa mabwana wengine, kabla Mjapani hajafika.

Reli ile ilijengwa kulilisha jeshi la Burma, na jeshi hilohilo ndilo babu zetu walilokutana nalo. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa King's African Rifles (KAR) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, iliwafuata Wajapani katika bonde la Kabaw hadi Kalewa na kuvuka mto Chindwin. Zipo nyumba nyingi ambamo Burma ni neno lililosikika kwa babu, likatajwa mara moja au mbili, kisha likazikwa naye. Mwana hutazama kisogo cha nina: mtoto akiona baba yake hakuuliza, naye hatauliza.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilitudai zaidi. Wapagazi waliosombwa kubebea majeshi ya Kiingereza na Kijerumani walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na magonjwa kuliko risasi. Kwenye barabara ya Kenyatta jijini Nairobi pamesimama sanamu tatu, mojawapo ikiwa ya mpagazi, na maandishi yake yanaahidi kwamba waliokufa watakumbukwa kwa majina na watoto wao. Majina yenyewe hayapo hapo. Mwaka 2021 Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Ahadi ilitolewa kwa niaba ya watoto, wala hakuna aliyewaachia watoto orodha.

Kwa hiyo wajibu huu hauhitaji nauli ya kwenda Thailand. Kila familia ina mzee anayejua nani alichukuliwa shokoa, nani alikwenda manamba kwenye mkonge, nani alitandika reli, nani alikwenda Burma. Mzazi amtume mtoto na daftari. Aandike jina kamili, kijiji, kazi, na mwaka kama unajulikana. Asome alichoandika mbele ya mzee ili mzee asahihishe. Ni kazi ya alasiri moja. Mzee akishaondoka, hata miaka kumi ya utafiti haiwezi kuzirudisha habari hizo.

Na kuna kipimo cha karibu zaidi kuliko babu. Katika nyumba nyingi za mijini yupo dada anayepika, anayefua, anayempeleka mtoto shule. Mwulize mtoto jina lake kamili, kwao ni wapi, mama yake yu hai au la. Kama mtoto hajui, na mzazi naye hajui, basi tumeanza kumfundisha mtoto kupita juu ya kazi ya mtu bila kuona mtu, na somo hilo hulisikia kila siku, si likizo moja tu. Kesho mtoto huyo atakuwa mhandisi, mkandarasi, ofisa au bwana shamba, na chini yake watakuwepo watu wa kuandikwa au kutoandikwa. Atafanya alivyozoeshwa. Mzazi aanze leo kumtaka ajue majina ya wanaomhudumia. Akifika mbele ya daraja lolote duniani, swali la nani alilijenga atakuwa nalo tayari mdomoni.